Ukitaka Kuandika ya Kutisha, Shika Kalenda

Juzi usiku msomaji mmoja, mwanafunzi wa chuo, aliniandikia: "Kaka, na mimi nataka kuandika kuhusu hadithi na filamu za kutisha. Naanzia wapi?" Nikamjibu neno moja: tarehe. Hakuridhika, na simlaumu. Nawe najua unautamani uandishi huu, basi nieleze vizuri.

Mwaka 2018 riwaya ya Frankenstein ilitimiza miaka 200. Kitabu kilitoka London tarehe 1 Januari 1818, nakala 500 tu, jina la mwandishi halimo. Mary Shelley aliianza hadithi ile mwaka 1816 akiwa na miaka 18, kando ya Ziwa Geneva. Volkano ya Tambora ilikuwa imelipuka Indonesia mwaka uliotangulia, vumbi lake likapunguza jua, na majira ya joto Ulaya yakageuka mvua na baridi. Yeye na wenzake wakajifungia ndani, wakashindana kutunga hadithi za mizimu. Nilikuwa nayajua haya yote. Nimeyasimulia kijiweni mara ngapi! Lakini kalamu niliishika usiku wa mkesha wa mwaka mpya, makala nikaituma tarehe 4. Mhariri akanijibu, "Sherehe imeshapita." Wiki ile ile gazeti lake likachapa makala ya mtu mwingine, eti Mary alitoa kitabu kwa jina lake tangu siku ya kwanza. Kosa la wazi kabisa! Mpaka leo linaniuma.

Miaka minne baadaye zamu ikawa ya filamu ya Nosferatu, iliyoonyeshwa rasmi Berlin tarehe 4 Machi 1922. Safari hii nilianza Desemba. Nikaongea na mwenye kibanda umiza mtaani kwetu, akanipa Ijumaa usiku, siku yenyewe ya miaka 100. Filamu haina sauti na maandishi yake ni ya Kijerumani, kwa hiyo nilishika maiki nikaitafsiri kama wanavyofanya madijei wetu. Kwanza niliwaeleza jinsi Florence, mjane wa Bram Stoker, mtunzi wa riwaya ya Dracula, alivyokwenda mahakamani kwa sababu waliotengeneza Nosferatu waliichukua hadithi hiyo bila ruhusa, hadi mwaka 1925 ikaamriwa nakala zote ziharibiwe. Chache zikapona. Watu wakajua kwamba wanatazama kitu kilichotakiwa kisiwepo.

Kivuli cha Orlok, yule mnyonya damu wa filamu, kilipoanza kupanda ngazi kumfuata mwanamke chumbani, mgongo umepinda, vidole virefu vimetanguliza kucha, nilinyamaza. Feni tu ndiyo iliyosikika. Mama mmoja aliyekaa kwenye benchi la nyuma akasema taratibu, "Huyo dada afunge mlango." Hakuna aliyecheka. Makala yangu ilikuwa tayari tangu Februari. Ilitoka asubuhi ile ile, na hakuna iliyowahi kusomwa kama hiyo katika maandishi yangu yote.

Kwa hiyo, ndugu yangu, shika kalenda. Andika mapema. Hakiki mwaka wa kutungwa na mwaka wa kuchapwa, maana ni vitu viwili. Halafu andika mapema, narudia! Tunalalamika kwamba wahariri wanatubania, na kweli wapo wanaobania, lakini kwa makala iliyochelewa tunawapa kisu wenyewe. Waheshimuni waliotutangulia kwa kuzijua siku zao.

Yule mwanafunzi nimempa Dracula: ilitoka 26 Mei 1897, hivyo itatimiza miaka 130 mwaka 2027. Jana kaniambia yuko sura ya pili, na anaisoma mchana tu.