Kabla Hujabomoa Ukuta Kule Nunavut, Kaa Kwanza na Wazee

Juzi kijana mmoja seremala, Mtanzania anayeishi Winnipeg, Kanada, kaniandikia: "Kaka, nimepata kazi Nunavut, tunakarabati kituo cha jamii. Nibebe nini?" Nilitaka kumjibu "koti zito" basi, maana Nunavut ni eneo la kaskazini kabisa mwa Kanada, kwenye baridi kali. Nikashindwa. Swali lake limenirudisha kwenye kazi ambayo mpaka leo inaniuma.

Nilikuwa msimamizi wa mafundi katika kijiji cha Wainuit, wenyeji wa asili wa kule, kaskazini mwa kisiwa cha Baffin. Kituo chao cha ustawi, penye ushauri nasaha, ushonaji na vikao vya wazee, kilikuwa kimechoka, milango haifungi. Kule ardhi ya chini imeganda mwaka mzima, kwa hiyo nyumba husimama juu ya nguzo ili upepo upite chini yake. Ukiikalisha ardhini, joto lake litayeyusha barafu na nyumba itazama. Nguzo zetu kadhaa zilikuwa zimecheza. Tulizinyoosha kwa jeki, taratibu, wiki nzima, na hilo nalisema kifua mbele: hakuna mlango uliokwama tena.

Kilichoniangusha ni meli. Nunavut ina makazi 25 na hakuna barabara ya kutoka moja kwenda jingine. Mzigo mzito huja kwa bahari, miezi michache tu ambayo barafu imeachia, na sehemu nyingi hazina gati: tishari husukumwa mpaka ufukweni. Tukafungua kontena. Mabomba ya kupasha nyumba joto yapo, viungio vyake havipo. Orodha niliiandika mimi, na ile ilikuwa meli ya mwisho ya msimu. Vikaja kwa ndege, baada ya dhoruba kuifungia ndege huko ilikotoka, kwa gharama iliyozidi bei yake mara kadhaa.

Hilo la viungio nimeshajisamehe. La pili bado.

Bibi mmoja alikuja kutazama kazi. Alizunguka kimya, kisha akauliza kwa Kiinuktitut, mjukuu wake akatafsiri: "Sili tutamkatia wapi?"

Sikuelewa. Nikaelezwa: sili, mnyama wa baharini anayewindwa kule, akiletwa hulazwa sakafuni juu ya maboksi, akina mama wanamkata kwa ulu, kile kisu chao cha nusu mwezi, watu wanakaa chini kumzunguka, wanakula na kuzungumza. Mazungumzo yenyewe ndiyo tiba. Mimi nilikuwa nimeukata ukumbi wao vyumba vinne vyenye meza na viti viwili viwili, kwa sababu mchoro uliotoka kusini mwa Kanada ulisema hivyo.

Miaka ya 1950 Wainuit wenye kifua kikuu walichukuliwa kwa meli ya C.D. Howe kupelekwa hospitali za kusini. Wengine hawakurudi, na familia hazikuambiwa hata walikozikwa. Serikali ya Kanada iliomba radhi kule Iqaluit, mji mkuu wa Nunavut, mwaka 2019. Sasa wewe mpe mzee mwenye kumbukumbu hiyo chumba kidogo, mlango umefungwa, mgeni ameshika faili. Atakwambia nini?

Tulibomoa kuta mbili. Bosi wangu alikasirika kwa muda uliopotea, na mkataba wangu haukuongezwa. Siku ya ufunguzi wazee waliwasha qulliq, taa yao ya mafuta ya sili. Mimi nilisimuliwa kwa simu, niko Ottawa. Nilikaa kitandani nikalia, nisiwafiche.

Kwa hiyo, mdogo wangu, uliza kwanza. Kabla ya nyundo, uliza. Kabla ya orodha, uliza. Siyo kumuuliza mhandisi tu: muulize anayekata sili, muulize dereva wa boza la maji, maana ndiye anayejua theluji inajaa upande gani wa nyumba. Tumetoka kwenye vijiji ambako miradi ya wageni ilijengwa bila kutuuliza, tukaiona ikigeuka mabanda ya popo. Itakuwaje sisi hao hao tukawafanyie wenzetu vile vile kwa sababu tu safari hii mshahara ni wetu?

Gundi na rangi zisikae kwenye kontena lisilo na joto, zitaganda na hazifai tena. Na orodha yako nitumie kabla mwezi wa tano haujaisha. Nitaipitia skrubu kwa skrubu, viungio vya mabomba nikianza navyo.