Sol Campbell hakuuzwa Arsenal

Hapana mkuu, wewe unayesema Tottenham (Spurs) walimuuza beki wao Sol Campbell kwa Arsenal: hawakupata hata senti. Mkataba wa Campbell uliisha kiangazi cha 2001 akaondoka mchezaji huru, kwa sheria ya Bosman, inayomruhusu mchezaji aliyemaliza mkataba kuhama bila klabu yake kulipwa. Ndiyo maana mashabiki wa Tottenham wana kinyongo naye hadi leo: nahodha wao, aliyekulia kwenye akademi yao, anavuka kwenda kwa mahasimu wa London Kaskazini bure kabisa. Angeuzwa kwa pesa ndefu labda wangemeza.

Na huyo anayesema alipotoka Arsenal 2006 hakurudi tena, naye kakosea. Alikwenda Portsmouth, akawa nahodha wao walipobeba Kombe la FA 2008 (1-0 dhidi ya Cardiff, bao la Kanu). Mwaka 2009 akasaini miaka mitano na Notts County, daraja la nne, akacheza mechi moja tu, wakafungwa 2-1 na Morecambe, akasepa. Kituko kile! Januari 2010 kocha wa Arsenal, Wenger, akamrudisha, na mwezi uliofuata akafunga ugenini kwa Porto kwenye Ligi ya Mabingwa. Sisi wa Arsenal hatusahau, ingawa bao lake la kichwa kwenye fainali ya michuano hiyo 2006 dhidi ya Barcelona ndilo linalokumbukwa zaidi, japo tulilala 2-1.

Alimalizia Newcastle, msimu wa 2010/11. Timu ya taifa ya England ni mechi 73 na bao moja, lile dhidi ya Sweden Kombe la Dunia 2002.