Maswali ya Wasomaji: Nimeshindwa Kuomba Tangu Mume Wangu Afariki

SWALI: Mhariri, Bwana Yesu asifiwe. Mume wangu alifariki miezi 14 iliyopita baada ya kuugua kwa muda mfupi, na kabla mwaka haujatimia biashara tuliyoijenga pamoja ikafungwa kwa sababu ya madeni. Nimeokoka tangu ujana wangu na nimeimba kwaya kwa miaka mingi, lakini siku hizi nikipiga magoti ninabaki kimya, au ninalia kwa hasira. Wenzangu kanisani wananiambia kwamba Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba, na kwamba mambo yote hufanyika kwa wema. Maneno hayo yananichoma, kisha ninajilaumu kwa kuchomwa nayo. Je, nimepoteza imani?
Mjane, jina limehifadhiwa

JIBU: Dada mpendwa, pole sana. Ninalitanguliza neno hilo kwa sababu, kwa jinsi ulivyoandika, inaonekana umepewa mafundisho mengi kuliko pole.

Kauli hiyo ya mzigo haimo katika Biblia kwa namna unavyoambiwa. Wanaoisema huwa wanaukumbuka mstari wa 1 Wakorintho 10:13, usemao kwamba Mungu hatawaacha watu wake wajaribiwe kupita wawezavyo. Lakini ukiisoma sura hiyo tangu mwanzo utaona kwamba Paulo anawaonya watu juu ya vishawishi vya dhambi, kama ibada ya sanamu na uasherati, wala hazungumzii kufiwa. Alipofika kwenye mateso yake mwenyewe, mtume huyo huyo aliwaandikia Wakorintho hao hao, katika waraka wa pili, 1:8, kwamba yeye na wenzake walilemewa mno kuliko nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi. Kwa hiyo ukisema kwamba mzigo umekushinda, hujamkana Mungu. Umesema alichosema Paulo.

Huenda mtu akakukumbusha kwamba sura hiyo ya 10 inakemea pia manung'uniko, na ni kweli inayakemea. Lakini Waisraeli walinung'unika hemani mwao, wakamsema Mungu kana kwamba hasikii, wakatamani kurudi Misri. Mwenye zaburi anafanya jambo jingine kabisa, kwa maana anaupeleka uchungu wake kwa Mungu mwenyewe na kumdai jibu: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Takriban theluthi ya zaburi zote 150 ni maombolezo ya namna hiyo. Nyingi huanza kwa kilio na kuishia kwa shukrani, na ndizo tunazopenda kuziimba, ila Zaburi ya 88 haina mwisho wa namna hiyo hata kidogo, kwa kuwa neno lake la mwisho ni giza. Waliokusanya Zaburi hawakuiondoa wala hawakuiongezea ubeti wa furaha, nami ninawashukuru kwa hilo, kwa sababu zipo siku ambazo mwamini hana sala nyingine isipokuwa ile. Hasira unayolia nayo ukiwa umepiga magoti inaelekezwa kwa Mungu, nawe bado unapiga magoti. Mtu aliyepoteza imani hana wa kumkasirikia.

Kuhusu kauli ya pili, ni kweli kwamba Warumi 8:28 inasema kuwa katika mambo yote Mungu hufanya kazi pamoja na wale wampendao katika kuwapatia mema. Lakini mstari huo hausemi kwamba mambo yote ni mema, wala kwamba kifo cha mume wako kilikuwa kitu kizuri ambacho wewe umekosa macho ya kukiona. Kifo, katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, kinaitwa adui. Tena wanaokunukulia mstari wa 28 wangefanya vyema kuanza na wa 26, ambapo Paulo anakiri kwamba sisi hatujui kuomba jinsi itupasavyo, lakini Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Kimya chako, dada, kimekwisha kuandikwa humo.

Unaweza kuuliza, basi, ni lini utapata kuelewa kwa nini yametokea. Sitakuahidi kwamba utaelewa. Sisi tunaosoma kitabu cha Ayubu tunajua yaliyosemwa mbinguni katika sura mbili za kwanza. Ayubu mwenyewe hakuambiwa kamwe, hata Mungu alipozungumza naye kutoka katika upepo wa kisulisuli. Mwishoni hasemi kwamba sasa ameelewa sababu, bali anasema kwamba alikuwa amesikia habari za Mungu kwa masikio, na sasa jicho lake linamwona. Katika misiba sisi hunukuu haraka yale ya sura ya kwanza, "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa", na ni maneno ya imani kweli. Ila ni mara chache sana mtu husoma sura ya tatu, ambamo mtu huyo huyo anailaani siku aliyozaliwa. Na katika 42:7 Mungu anawakasirikia rafiki waliokuwa na maelezo ya kila kitu, na kusema kwamba aliyenena yaliyo sawa ni Ayubu.

Mtazamo mpya huja, lakini kwa kadiri nilivyoona huja polepole, na mara nyingi mtu huutambua baada ya kuwa amekwisha kuishi nao kwa muda. Kwa sasa ningependa uanze na madogo. Chagua zaburi moja, hata hiyo ya 88, uisome kwa sauti badala ya kutafuta maneno yako. Ukishindwa kuimba, kaa tu kanisani na uwaache wengine waimbe kwa niaba yako. Madeni nayo usiyabebe kwa maombi peke yake. Mtafute mtu mwaminifu anayejua hesabu, mkae pamoja na kuyaandika yote kwenye karatasi, kwa sababu deni lisilojulikana ukubwa wake hutisha kuliko lililokwisha kuandikwa.

Angalia pia usingizi wako na chakula chako. Eliya alipoketi jangwani chini ya mretemu na kuomba afe, kama tunavyosoma katika 1 Wafalme 19, malaika hakumhubiria. Alimwamsha, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili kwa kuwa safari ilikuwa kubwa mno kwake. Iwapo hulali kwa majuma mengi, au mawazo ya kutotaka kuishi yanakujia, nenda kwa daktari au mshauri nasaha bila kungoja, na umweleze mchungaji wako waziwazi. Kutibiwa hakupunguzi imani ya mtu.

SWALI: Rafiki yangu amefiwa na mtoto. Ninaogopa kumtembelea kwa sababu sijui nimwambie nini, na juma la tatu sasa linapita. Nifanye nini?
Msomaji

JIBU: Nenda leo. Huna haja ya kuandaa maneno. Rafiki za Ayubu walifanya vizuri kwa siku saba mchana na usiku, walipoketi chini pamoja naye bila kunena neno. Waliharibu walipofungua vinywa.

Soma Yohana 11 kabla hujaondoka. Martha na Mariamu, kila mmoja kwa wakati wake, wanamwambia Yesu sentensi ile ile: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Ni lawama, lakini Yesu hawakemei kwa ajili yake. Martha anapewa neno kuhusu ufufuo. Mariamu, aliyeanguka miguuni akilia, anapewa machozi, ingawa Yesu alijua kwamba muda mfupi baadaye Lazaro angetoka kaburini. Wote wawili walipendwa, na kila mmoja alijibiwa kwa kadiri alivyoweza kupokea. Msikilize rafiki yako kwanza ujue yuko upande gani siku hiyo, maana kesho anaweza kuwa upande mwingine.

Ukifika, mwombe radhi kwa kuchelewa, kwa maneno machache. Litaje jina la mtoto; wengi huliepuka wakidhani wanamhurumia mzazi, kumbe humwongezea upweke. Usiseme kwamba Mungu alimhitaji malaika mwingine. Fanya kazi moja ya nyumbani uliyoiona haijafanywa, kisha iandike tarehe ya kifo mahali utakapoiona mwakani, umtembelee tena siku hiyo.