Ukiandika programu ya drafti, mpe mwendo klasi yake

Anayejifunza kuandika programu kwa klasi (maelezo ya aina ya kitu: habari zake na kazi zake) na objekti (kitu kimoja kilichoumbwa kutokana na klasi) hatimaye hutamani kutengeneza mchezo wa ubao. Ni zoezi zuri sana, kwa sababu vitu vyake unaviona: ubao upo, kete zipo, wachezaji wapo. Tatizo linaanzia hapo hapo. Anayeanza huunda klasi tatu, Ubao, Kete na Mchezaji, kwa kuwa ndizo zinazoonekana mezani, na kazi ngumu inakosa mwenyewe. Kipande chake kimoja kinaangukia kwenye kete, kingine kwenye ubao, kingine ndani ya mzunguko unaosoma kibodi. Nimeandika michezo ya namna hii na nimesoma misimbo mingi ya wanaoanza, na ushauri wangu mkubwa ni mmoja: kitu muhimu kuliko vyote katika programu hii hakishikiki kwa mkono. Ni mwendo wenyewe.

Tuchukue drafti ya ubao wa miraba 64. Kila upande una kete 12, na mchezo unachezwa kwenye miraba 32 ya rangi nzito tu. Kete ya kawaida husogea mbele kwa mshazari, kingi, yaani kete iliyopanda cheo kwa kufika mstari wa mwisho wa upande wa mpinzani, huenda mbele na nyuma. Ukiweza kula, lazima ule. Na ukishakula, kama kete ile ile inaweza kuendelea kula kutoka pale ilipotua, inaendelea mpaka iishiwe.

Kabla ya mwendo, neno moja kuhusu mahali kete zinapokaa. Wengi huandika namba ya mstari na ya safu ndani ya Kete, kisha huiweka kete hiyo hiyo kwenye orodha iliyo ndani ya Ubao. Habari moja sasa imehifadhiwa mara mbili, na siku utakaposahau kubadilisha upande mmoja, kete itakuwa mahali pawili. Chagua mmoja. Mimi humwachia ubao: ubao ndio unaojua mraba wa 14 una nini, na kete inajua rangi yake na cheo chake, basi.

Sasa turudi kwenye mwendo. Msimbo wa anayeanza mara nyingi una methodi, yaani kazi iliyoandikwa ndani ya klasi, kama kete.sogea(mstari, safu), ambayo inakagua kama mraba uko wazi, inakula kete ya mpinzani, inabadilisha ubao, na pengine inaandika ujumbe kwenye skrini. Halafu inafika sheria ya kula kwa lazima. Kete iliyo kwenye mraba wa 22 haiwezi kujua kama inaruhusiwa kusogea bila kwanza kuziuliza kete nyingine zote za rangi yake kama kuna yoyote inayoweza kula. Kwa hiyo Kete inaanza kuushika Ubao, Ubao unaishika Kete, na kila badiliko dogo linavunja kitu mbali na pale ulipogusa. Sheria hiyo si ya kete. Ni ya upande mzima, na inahitaji mahali pa kukaa.

Kwa hiyo tengeneza klasi ya Mwendo isiyofanya lolote ila kubeba habari: kete imetoka mraba gani, imepitia ipi, imetua wapi, na imekula zipi. Zile zilizoliwa ziwe orodha, kwa kuwa mwendo mmoja unaweza kula mbili au tatu. Kisha klasi ya Sheria iwe na methodi moja kuu, miendo_halali(ubao, zamu), inayorudisha orodha ya miendo yote inayoruhusiwa. Ndani yake tafuta kwanza miendo ya kula. Ukiipata, irudishe hiyo tu. Ukiikosa, ndipo ukusanye ya kawaida. Sheria iliyokuwa imesambaa kila kona sasa ni mistari michache inayosomeka.

Faida inaendelea kujitokeza. Orodha ikiwa tupu wakati wa zamu yako, umeshindwa, iwe kete zako zimekwisha au zimezibwa. Huhitaji ukaguzi wa aina mbili. Mchezaji naye anakuwa kitu rahisi: anapewa ubao na orodha, anarudisha Mwendo mmoja. Binadamu anachagua kwa kibodi, kompyuta inachagua kwa hesabu zake, na Mchezo haujali ni yupi. Hapa ndipo urithi, yaani klasi moja kujengwa juu ya nyingine na kuchukua sifa zake, unapofaa kweli: MchezajiMtu na MchezajiKompyuta ni aina mbili za Mchezaji, na hakuna inayogeuka kuwa nyingine katikati ya mchezo.

Nasisitiza hilo la kugeuka kwa sababu wengi hukimbilia kuandika Kingi kama klasi inayorithi Kete. Kete hupanda cheo mchezo ukiendelea, na katika lugha nyingi objekti haiwezi kubadilisha klasi yake ikishaumbwa. Itabidi uiondoe na kuweka nyingine, huku ukiomba kusiwe na sehemu iliyobaki inaishika ile ya zamani. Sifa moja ya cheo inatosha. Kwenye chesi nakubali urithi una hoja zaidi, kwa kuwa kuna aina sita zenye mienendo tofauti kabisa.

Kurudisha mwendo nyuma pia kunakuwa kwepesi. Ubao unakuwa na tekeleza(mwendo) na tengua(mwendo), mradi Mwendo umehifadhi kete zilizoliwa pamoja na miraba yake, na umeandika kama kete ilipanda cheo. Usilichukulie kama pambo la kuongeza baadaye. Kompyuta inayotafuta mwendo mzuri hutekeleza na kutengua maelfu kwa maelfu ya miendo kabla ya kuchagua mmoja. Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walionyesha mwaka 2007 kwamba drafti hii ikichezwa bila kosa pande zote mbili huisha kwa sare, na mchezo huo una hali zinazowezekana takriban 5 zikifuatwa na sifuri 20. Kazi ya namna hiyo haiwezekani kama ubao unachapisha kitu kwenye skrini kila kete inaposogea. Kuonyesha ubao kuwe na klasi yake pembeni, nayo isome tu, isibadilishe chochote.

Mwisho, jaribu msimbo wako kwa kuhesabu. Andika fanksheni inayotoka ubao wa mwanzo, inatekeleza kila mwendo halali, inajiita yenyewe kwa zamu inayofuata, inatengua, na kurudisha idadi ya njia zilizopatikana. Kwa zamu moja unapaswa kupata 7. Kwa zamu mbili, 49. Kwa tatu, 302, na kwa nne, 1469. Namba mbili za kwanza zitatoka sawa hata kama sheria ya kula hujaiandika kabisa, kwa hiyo zisikupe raha mapema. Zamu ya tatu ndipo kete zinapokutana: ukipata zaidi ya 302, angalia kama miendo ya kawaida inaingia kwenye orodha wakati kuna ya kula. Namba ikibadilika unapoiita fanksheni hiyo mara ya pili juu ya ubao ule ule, basi tengua hairudishi kila kitu, na mara nyingi kilichosahaulika ni kete iliyoliwa au cheo.

Ukimaliza, geukia drafti ya kimataifa, yenye miraba 100 na kete 20 kila upande. Huko kete za kawaida hula hata kurudi nyuma, na ni lazima uchague njia inayokula nyingi zaidi. Andika klasi mpya ya Sheria, badilisha ukubwa wa ubao, na usiguse Mwendo wala Mchezaji. Hesabu za mwanzo huko ni 9, 81, 658 na 4265.