Jibu: Tuanzeje na wanaolala barazani kwa kanisa?

Ndugu, umesema chakula mnagawa kila Jumamosi lakini hakuna anayemjua hata mmoja wao kwa jina. Anzieni hapo hapo, kwenye majina.

Mwaka 1985 Padri Charles Strobel wa Nashville, Marekani, aliona watu wamelala ndani ya magari kwenye maegesho ya parokia yake. Baridi kali, akawafungulia mlango. Mwaka uliofuata makanisa manne yakaingia zamu, ndiyo Room in the Inn ikazaliwa: wageni wachache kwa kila kanisa, wanakula meza moja na wenyeji, wanalala hapo. Hilo la meza moja lisiwapite.

Sisi tulikuwa tunatoa sahani dirishani. Siku tuliyotoa mabenchi tukakaa nao, mzee mmoja alikumbatia kikombe cha chai kwa mikono miwili, akaanza kutusimulia alivyokuwa seremala. Wiki iliyofuata akaomba randa, akaunyoosha mlango wa ofisi uliokuwa unakwama tangu masika. Sasa tunamwita fundi.

Picha msipige kabisa, na chakula kisisubiri mtu asali kwanza. Zamu wapeni watu wale wale kila wiki, wazoeane.