King'ora cha bei nafuu kwa pikipiki kisichomaliza betri

Pikipiki nyingi zinazoibwa mitaani kwetu haziibwi kwa ustadi mkubwa. Loki ya usukani huvunjwa kwa kuvutwa kwa nguvu upande mmoja, chombo kikasukumwa kimyakimya hadi kona ya pili, na huko ndiko nyaya za swichi ya ufunguo huchezewa au pikipiki nzima ikapakiwa kwenye gari. Mwizi anazihitaji dakika hizo chache za ukimya, na king'ora kidogo cha volti 12 kinaweza kumnyima. Kwa dereva wa bodaboda aliye kwenye mkataba hasara huwa nzito zaidi, kwa sababu chombo kikiibwa kabla hajakabidhiwa kadi ya umiliki, anabaki akidaiwa na bosi huku kitu alichokuwa akikitegemea kulipa hesabu kimekwenda.

Nimefunga king'ora cha aina hii kwenye pikipiki yangu ya cc 125, kisha nikawafungia jamaa na majirani, kwa vifaa vinavyopatikana Kariakoo na katika maduka makubwa ya spea mikoani. Vifaa vyote havikufika shilingi 35,000, na kazi yenyewe haihitaji zaidi ya koleo, bisibisi, taa ya kupimia umeme na utulivu.

Zipo alamu za rimoti zinazouzwa tayari, zile zinazolia chombo kikitikiswa. Sizipendekezi kwa pikipiki inayolala uani au pembeni ya barabara. Mdogo wangu alikuwa na moja iliyolia kila lori la mchanga lilipopita na kila paka aliporukia siti, hadi majirani wakauzoea mlio wake na yeye mwenyewe akaamua kuizima. Zaidi ya hapo, alamu hizo hunywa umeme kidogo kidogo saa zote, na betri za pikipiki hizi za kazi ni ndogo, nyingi zikiwa kati ya Ah (ampea-saa) 2.5 na 9. Kwa hiyo masharti yangu ni mawili: king'ora kisitumie umeme wowote wakati kinasubiri, na kilie kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba stendi imeondolewa chini.

Vifaa vinavyohitajika ni king'ora cha volti 12 cha kufunga kwenye gari, rilei (swichi inayowashwa na umeme) ya volti 12 yenye miguu minne, fyuzi ya ampea 3 pamoja na kishikio chake, swichi ndogo ya kugeuza yenye kofia ya mpira, mita chache za waya mwembamba wa gari, na swichi ya breki ya nyuma, ile inayowasha taa ya breki dereva akikanyaga pedeli. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoithamini kuliko vyote. Imetengenezwa kuishi karibu na matope na maji, bei yake ni ndogo, ina springi yake na nati ya plastiki ya kurekebishia urefu, na ikivutwa tu inaunganisha umeme.

Swichi hiyo ifungwe kwenye chasisi, na springi yake iunganishwe na stendi ambayo chombo hulalia usiku. Mimi hutumia stendi kubwa ya katikati, kwa kuwa haiwezekani kuisukuma pikipiki bila kuitoa kwanza kwenye stendi hiyo. Springi ishikwe karibu kabisa na pini ambayo stendi huzungukia, kwa sababu hapo mwendo ni mdogo. Ikishikwa chini karibu na mguu wa stendi, itavutwa kupita kiasi na kukatika baada ya muda mfupi. Stendi ikiwa chini springi ilegee, na stendi ikipanda springi ikaze na kuivuta swichi. Zungusha nati ya plastiki taratibu huku taa ya kupimia ikiwa imeunganishwa, mpaka uone inawaka mara tu stendi inapoanza kupanda.

Nyaya zenyewe hufuata njia fupi. Toa waya kwenye chanya ya betri, uupitishe kwenye fyuzi iliyo karibu na betri yenyewe, kisha kwenye ile swichi ndogo ya kugeuza, ambayo ndiyo swichi ya siri. Fyuzi isikae mbali, kwa sababu waya ukichubuka na kugusa chasisi kabla ya kufika kwenye fyuzi, hakuna kitakachouzuia kuungua pamoja na nyaya zote za pikipiki. Kutoka kwenye swichi ya siri waya ugawanyike mara mbili: tawi moja liende mguu namba 30 wa rilei, la pili lipite kwenye swichi ya stendi na kuishia mguu namba 85. Mguu namba 86 uende chasisi. Mguu namba 87 uende kwenye waya mwekundu wa king'ora, na waya wake mweusi uende chasisi.

Kisha unganisha 87 na 85 kwa kipande kifupi cha waya. Mafundi wengi hukisahau kipande hiki, nacho ndicho kinachofanya king'ora kiendelee kulia hata mwizi akishtuka na kuirudisha stendi chini, kwani rilei ikishavuta hujilisha yenyewe mpaka swichi ya siri izimwe.

Nimeona mpangilio mwingine ambamo rilei huachwa imevuta usiku kucha ikisubiri waya ukatwe. Koili ya rilei ya kawaida hula takriban miliampea 150, yaani Ah 3.6 kwa saa 24, na betri ndogo haiwezi kuhimili hilo. Katika mpangilio wa stendi hakuna kinachotumika hadi tukio litokee, na hata king'ora kikilia nusu saa nzima, rilei na king'ora kwa pamoja kwa kawaida havimalizi Ah 1.

King'ora kifungwe chini ya tenki au chini ya siti, mdomo ukitazama chini ili maji yasituame ndani, lakini usifunikwe na plastiki, kwa kuwa sauti hupotea nyingi humo. Chagua chenye mlio wa kupanda na kushuka wa alamu ya kawaida, wala si ule wa gari la polisi au la wagonjwa. Swichi ya siri ikae mahali ambapo mkono unafika bila mwenye chombo kuinama, mbali na ufunguo, na uizoee hivi: unashusha stendi kwanza, ndipo unaiwasha, asubuhi unaizima kabla ya kuigusa stendi.

Mpangilio huu hautamzuia mtu aliyefungua kava la ubavuni na kung'oa nyaya za betri, wala watu wanne walioibeba pikipiki juujuu stendi ikiwa imening'inia chini. Kwa hiyo mnyororo unaopita kwenye gurudumu na kufungwa kwenye nguzo bado unahitajika, hasa kwa kuwa pikipiki nyingi za kazi hazina breki za diski za kufungia kufuli. Wala hausaidii dereva anaponyang'anywa njiani kwa silaha. Hapo aache chombo kiende, abaki na uhai wake.

King'ora kikilia usiku, usitoke peke yako. Washa taa, ita majirani, na mtu akikamatwa apelekwe kwa mwenyekiti wa mtaa au kituo cha polisi akiwa mzima. Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu kelele za “Mwizi!” zimewahi kuua watu wasio na hatia, na hakuna pikipiki inayolingana na damu ya mtu.

Kwa aliye kwenye mkataba, amweleze bosi kabla ya kugusa waya wowote na amwonyeshe swichi ilipo. Kila mara anapomwaga oili aipime pia springi ya stendi, aipake grisi kidogo, kisha aitoe pikipiki kwenye stendi swichi ya siri ikiwa imewashwa ili asikie kama mlio bado ni mkali.