Honazi vyuo vya Marekani: tazama ada na tasnifu kabla ya jina

Mdogo wangu, umepata barua mbili: moja ya programu ya honazi (mpango wa masomo ya juu zaidi kwa wanafunzi wenye alama nzuri), nyingine ya chuo cha honazi ndani ya chuo kikuu, na unauliza ipi ina uzito. Mimi nilisoma baiolojia kwenye programu ya honazi, chuo cha umma huko huko Marekani. Rafiki yangu wa Mombasa alikuwa chuo cha honazi jimbo jingine, akisoma uhandisi.

Kwa kawaida chuo cha honazi kina mkuu wake, washauri wake, mara nyingi na mabweni. Barrett, chuo cha honazi cha Chuo Kikuu cha Arizona State, ina hadi kampasi yake pale Tempe. Lakini majina yasikubabaishe: Plan II ya Chuo Kikuu cha Texas, Austin, iliyoanza 1935, inaitwa programu, na ni shahada kamili. Swarthmore, chuo kidogo cha Pennsylvania, nao wana programu ya honazi tangu 1922, na wanaowatahini wanafunzi hutoka vyuo vingine. Hapo jina limekwambia nini?

Anza na hela. Barrett hutoza ada ya ziada juu ya karo. Macaulay, chuo cha honazi cha City University of New York, hulipia wanafunzi karo, ila wawe wakazi wa jimbo hilo, na sisi wa viza ya F-1, ya wanafunzi wa kigeni, mikopo ya serikali yao hatuigusi. Kama ufadhili wako umefungwa kwenye GPA (wastani wa alama zako), uliza ukishuka unapoteza nini.

Halafu kozi za honazi na tasnifu, yaani utafiti wa kumalizia honazi, maana hapo ndipo wengi hukwama. Rafiki yangu alikuta semina nzuri sana za falsafa na fasihi, ila idarani kwake kozi za honazi zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Akawa anaomba mkataba na mhadhiri: kozi ya kawaida, kazi ya ziada, ihesabike honazi. Kuna waliomkatalia. Mimi sikuwa na bweni wala mshauri wangu peke yangu, lakini maabara za idara zilipokea wanafunzi wa honazi tangu mwaka wa pili, tasnifu ikatokea humo. Na kujisajili kozi mapema, jambo ambalo vipeperushi hulitaja kwa mstari mmoja, kuliniokoa kila muhula, maana nafasi za maabara huisha upesi.

Kwa hiyo kabla ya Mei 1, siku ambayo vyuo vingi hutaka uwe umeamua, iandikie idara yako, siyo ofisi ya honazi: mwaka jana wangapi walimaliza tasnifu, na nani aliwasimamia? Wakikujibu kwa majina, nenda. Majibu yakilingana, chukua penye ada ndogo.